Edna Thirlwell na Kiongozi Aliyegeuzwa

"Shoga, huyo mwanamume aliyelala kitandani kwako ni nani?"

Nellie Pegg, jirani wa ukuta kwa ukuta, alimwuliza Edna Thirlwell hivyo siku moja ya Julai, baada ya kuchungulia dirishani na kuona uso mkubwa kuliko mto.

"Ni Ambler," Edna akajibu. "Kanyeshewa. Nikimtundika, rangi yake itapasuka."

"Na wewe unalala wapi?"

"Kwenye kiti. Yeye ndiye mgeni."

Ilikuwa bendera. Kila tawi la chama cha wachimba makaa huku kwetu Durham, Uingereza, lina bendera yake ya hariri, pana kama ukuta wa chumba, na yetu ya Harle Moor ilichorwa uso wa Wilfred Ambler, aliyekuwa kiongozi wa chama cha siasa cha wafanyakazi nchini. Edna aliitunza miaka thelathini na mmoja. Nilisali naye benchi moja kanisani, Mungu amlaze pema, na sikuwahi kumsikia akimsema kiumbe vibaya, isipokuwa nondo, wale wadudu wala hariri.

Ambler hakuwahi kutawala. Alishindwa uchaguzi mara tatu, na kila mara aliwashukuru wapiga kura kwa subira yao. Lakini mwaka ule mgodi ulipolipuka na kuua watu saba, mume wa Edna akiwamo, alikuja. Hakuhutubia. Alivua koti, akakaa jikoni kwa Edna, akamenya viazi vya wafiwa mpaka ndoo ikajaa.

"Alimenya vibaya," Edna alikuwa akisema. "Nusu ya kiazi ilikwenda na ganda. Lakini hakuinuka."

Basi uzeeni Ambler akakubali kuitwa Lodi, cheo cha mabwana wakubwa, na kukaa bungeni na mabwanyenye. Gazeti likamtoa amevaa joho la manyoya. Harle Moor ikachafuka. Katibu wetu, Stobbart, akaleta hoja kwamba afutwe kwenye bendera.

"Afutwe, achorwe nani?" mwenyekiti akauliza.

Hapo wakakwama. Kila jina lililotajwa lilipata mtu wa kulipinga. Mmoja akapendekeza farasi wa kuvuta makaa mgodini. Ikaonekana farasi naye alikuwa upande wa tajiri. Saa tatu zikapita, chai ikaisha. Edna, akihofia kumpoteza mtu wake, akainua mkono.

"Mgeuzeni. Awape mgongo. Wanaomtaka atakuwapo, wasiomtaka hawatamwona."

Ikapita bila kupingwa. Bendera ikapelekwa kwa mchoraji, mtu wa kufuata maagizo. Akachora kisogo, mabega, na kola ya koti. Kisha akafikiri: mtu akikupa kisogo upande huu, uso wake si uko upande wa pili? Akauchora huko nyuma, mzima mzima, unatabasamu.

Siku ya maandamano ya wachimba makaa bendi ya matarumbeta hutembea nyuma ya bendera, na tarumbeta kubwa kuliko zote hupigwa na Stobbart. Alikwenda maili mbili akitazamana na Ambler, mashavu yamemjaa pumzi, hawezi hata kutukana.

"Edna!" akafoka walipofika uwanjani. "Mbona ananitazama mimi?"

"Si mlipitisha wenyewe, Bwana Katibu?"

"Tulisema ageuke! Hatukusema aje nyuma!"

"Sasa uso wake angeuacha wapi, mwanangu?"

Wapiga ngoma wakacheka mpaka mmoja akakaa chini.

Jumatatu kikaitishwa kikao cha dharura: afutwe pande zote mbili. Safari hii hakuna aliyeuliza achorwe nani, na mikono ilikuwa tayari kuinuka. Edna akasimama, akaomba jambo moja. Wakamkubalia, maana lilionekana dogo. Walipolitimiza, Stobbart akaenda kuchemsha maji ya chai. Kura ile haijapigwa mpaka leo. Ombi lenyewe lipo kwenye kumbukumbu za tawi, kwa mwandiko wa Stobbart:

"Kwanza mtandazeni mezani, kila mmoja amwangalie. Halafu mpige kura mbele yake."