Siku Niliyofuta Sauti za Kwaya Saba

Watu wasiopungua mia tatu walinisikia nikisema, "Mungu wangu, nimefuta kwaya zote saba," na walinisikia vizuri kwa sababu maiki ilikuwa wazi na spika za ukumbi ule si ndogo. Sikusema ili wasikie, nilikuwa najisemea mwenyewe. Ni aibu, siwezi kuipamba, lakini kwa kuwa kila mtu hapa Singida mjini anaisimulia kwa namna yake (wapo wanaosema nililia, sikulia, nilitoka jasho), afadhali niieleze mimi niliyekuwepo.

Mimi ni mwandishi wa habari wa redio ndogo ya hapa mjini, kazi yangu ni kuuliza watu maswali, si kugusa mitambo. Mitambo ni ya Dada Penina, fundi wetu. Siku hiyo kulikuwa na mashindano ya kwaya kwenye ukumbi wetu, seva yetu ndiyo ilikuwa inarekodi, na katika kwaya saba ni moja tu ingekwenda Dodoma. Sasa Dada Penina mwenyewe anaimba alto katika kwaya ya Kiomboi, kwa hiyo aliomba ruhusa ya siku moja, akanikalisha mbele ya seva na kunipa karatasi aliyoandika kwa mkono: diski ikikaribia kujaa, futa folda ya matangazo ya zamani tu, kitu kingine chochote niite.

"Umeelewa, mdogo wangu?"

"Dada, mimi nimesoma chuo."

Akaniangalia kidogo, akaenda kuvaa sare.

Mambo yalikwenda vizuri tangu asubuhi. Nilikuwa mshereheshaji na fundi kwa wakati mmoja, maiki mkono huu, kipanya mkono huu, headphone nimeitundika shingoni ingawa haikuwa imechomekwa popote (nilitaka wachungaji waliokaa mbele waone kwamba najua ninachofanya). Kiomboi waliimba wa tano. Itigi waliimba wa mwisho, na walipofika ubeti wa pili kioo kikaandika kwamba diski imejaa kwa asilimia tisini na saba.

Nikafungua ile folda ya matangazo ya zamani. Vifaili vidogo vidogo, mamia, vyote vikijumlishwa havifikii kitu, nikaona huku ni kuteka maji ya Ziwa Singidani kwa kijiko. Ningeweza kumwita Dada Penina, alikuwa amekaa safu ya tatu, hatua kumi tu, lakini kumwita maana yake ukumbi mzima unaona kwamba nimeshindwa, basi nikapanga mafaili kwa ukubwa na juu kabisa likatokea moja kubwa kuliko mengine yote, jina lake tarakimu tupu, nikajiambia hizi ni takataka za mtambo. Seva ikaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo.

Nafasi haikurudi hata kidogo. Tisini na nane, tisini na tisa, na Itigi walipofika katikati ya ubeti wa mwisho ikasoma mia. Nikaona seva imechoka, nitaizima niiwashe, itakaa sawa.

Majaji wakajumlisha. Mwenyekiti wao akasimama na kusema Kiomboi na Itigi wamelingana, kwa hiyo watasikiliza rekodi kabla ya kutoa uamuzi. Kanuni zilijulikana na kila mwanakwaya mle ndani: hakuna kuimba mara mbili, na kama rekodi haipo, bingwa wa mwaka jana ndiye anakwenda. Bingwa wa mwaka jana ni Kiomboi.

Nikaenda kuifungua rekodi. Programu ya kurekodi ikanionyesha jina la faili la siku hiyo, na lilikuwa tarakimu zile zile. Hapo ndipo nikasema yale maneno mbele ya maiki. Halafu, kama vile hayakutosha, nikaongeza, "Samahani wapendwa, nazima mtambo dakika mbili," na kidole kikaenda kwenye swichi.

"Usiguse hiyo swichi."

Dada Penina alikuwa ameshasimama. Alikuja na kitenge chake cha sare, hakukimbia, akanitoa kwenye kiti kwa kunishika bega.

"Umefuta lini?"

"Itigi wakiwa ubeti wa pili."

"Umezima chochote?"

"Bado."

"Basi bado liko." Akaanza kuandika amri kwenye kioo cheusi huku akinieleza kwa sauti ya chini. "Ulichofuta ni jina kwenye orodha. Faili lenyewe programu bado imelishika, ndiyo maana nafasi haikurudi. Ungezima, ingeliachia, basi tena."

Mwalimu Tito, anayefundisha kwaya ya Kiomboi, akasogea akainama karibu yetu.

"Penina, mwanangu. Si imepotea? Imepotea bila mkono wetu."

"Haijapotea, mwalimu."

"Unajua tenor walivyoingia mapema ule ubeti wa tatu. Majaji wakisikia mara ya pili..."

"Najua, mwalimu. Nilikuwa nimesimama mbele yao." Hakugeuka. Akauliza ukumbi nani ana diski ya nje, mpiga video wa harusi akaleta yake, akisema humo mna maharusi watatu, tafadhali wasiguswe.

"Sifuti kitu mimi," Dada Penina akamwambia, na watu wakacheka, na nilijua wanamcheka nani.

Kunakili kulichukua muda mrefu. Nimehoji wakubwa wengi katika kazi hii, lakini sijaona mtu aliyetulia kama dada yule, ukumbi mzima ukimtazama mgongoni, wenzake wa alto wakinong'ona, na yeye akilinda kitu ambacho kingeweza kumnyima safari. Mama Anania, kiongozi wa Itigi, ndiye aliyemletea maji. Aliweka chupa mezani akarudi kwa watu wake.

Faili likafunguka. Kwaya saba, zote, hata kikohozi cha mchungaji kikasikika. Ubeti wa tatu wa Kiomboi ukapita na tenor wakaingia mapema, wazi kabisa, na Dada Penina akaandika muda wake kwenye karatasi, akaikabidhi kwa majaji kwa mikono miwili. Halafu ikaja Itigi, na katikati ya ubeti wa mwisho sauti ikakatika. Diski ilikuwa imejaa na hapakuwa na mahali pa kuiandika.

Tangu siku ile, mtu akiniachia karatasi yenye neno "niite", naita, hata kama wamekaa wachungaji mia, na headphone nimeirudisha kabatini.

Majaji waliondoka na diski, wakasema rekodi ipo lakini haijakamilika, na kanuni haisemi chochote kuhusu rekodi nusu. Uamuzi haujatoka. Wiki hii nilipiga simu Kiomboi, nikapiga na Itigi, na kwaya zote mbili bado zinafanya mazoezi ya safari hiyo moja ya Dodoma.