Mlango Niliompakia Binti Yangu

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nimekulia kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, shule niliishia darasa la nne, nikapaka vyumba vya kupanga Louisville, huku Marekani, kabla sijaweza kusoma jina la rangi kwenye kopo, na leo nina kampuni yangu, magari yangu na nyumba North Buffalo. Kwa hiyo binti yangu aliponiambia kachagua kanisa la kufungia ndoa kwa sababu ya mlango, nilicheka tu.

Nikaenda kuuona. Mlango wa mawe, umechongwa kuiga makanisa makuu ya kale ya Ulaya: tao lenye ncha, watakatifu wamepangana huku na huku, na juu kabisa Yesu anahukumu, waovu wanaburutwa kwa mnyororo kuingia mdomoni mwa joka. Kazi ya mikono, nakubali. Lakini masizi! Mtume Petro alikuwa mweusi kunishinda mimi.

"Baba, ndivyo unavyopendeza," binti yangu alisema.

"Wakwe zako watoke Columbus waje kupita hapo? Thubutu!"

Nilimwomba padri niusafishe bure, akafurahi. Sasa, kwetu nyumba inayotoa bibi arusi haifagiliwi tu ikaitwa safi. Inapakwa. Kambini mama zetu walipaka udongo mweupe mpaka kizingitini, na mgeni asipouona anajua binti hana watu. Nikaja na mafundi wangu, ngazi, na rangi ya mafuta, ile ya bei. Tukaosha, tukapaka. Watakatifu weupe, kanzu zao bluu, mnyororo wa waovu mwekundu. Hakuna tone lililodondoka.

Padri alikaa chini, akashika kichwa. Binti yangu alikwenda kuegemea gari.

Mlango ukafunikwa plastiki. Akaitwa mama mmoja mchonga mawe, akaeleza kwamba jiwe linapumua, na rangi ya mafuta inalifungia maji ndani mpaka linabanduka. Halafu akaongeza kwamba kule Ulaya milango hiyo ilipakwa rangi tangu mwanzo. Mvua na miaka ndiyo iliyoiacha mawe matupu.

"Umesikia, padri?" nikasema. "Sikukosea kazi. Nimekosea kopo."

Padri akataka maarusi wapite mlango wa pembeni, kwenye jiko la parokia. Mimi niliona sawa. Kwa nini nilipie kufuta kitu ambacho hata wazee wa Ulaya walikifanya?

Binti yangu hunijibu kwa Kiingereza tangu aanze shule. Siku hiyo alitumia Kiswahili.

"Baba, sipiti jikoni na gauni. Mlango usipofunguliwa, siolewi."

Nikampigia simu yule mama. Aliitoa rangi kwa dawa na brashi ndogo, mtakatifu mmoja mmoja, kiangazi chote. Arusi ikasogezwa mpaka theluji ya kwanza. Binti yangu akatoka katikati ya mitume wenye weupe masikioni, pale dawa ilipogoma. Wakwe hawakuutazama mlango. Waliuliza chakula kiko wapi.

Ukijumlisha na ukumbi tuliouahirisha, ilinitoka dola elfu thelathini na moja, mia nne sabini na mbili, na senti kumi na tano.