Tawi ambalo baba alinikataza kukata

Wakuu, sasa.

Nimeona mkiweka picha za miti yenu midogo ya bonsai, nikakumbuka wangu wa kwanza. Mimi ni mzee, mjukuu ndiye ananitypia. Nikikosea mahali ni umri, si uongo.

Ni Nakuru, miaka ya hamsini. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo Kampala, kijana wa kubishana na kila mtu, hadi imamu.

Baba alikuwa fundi wa nguo. Mwaka huo alikuwa amepofuka. Cherehani ikafunikwa shuka, naye akajifungia chumbani. Mama alimbembeleza akachoka. Hatoki, haongei.

Mimi sikuwa na dawa. Nilikuwa na mzeituni mdogo wa porini, niliochimba kule Longonot nikaupanda kwa karai kuukuu. Library ya chuo nilisoma gazeti linaloeleza vile Wajapani hufunza mti kubaki mdogo. Sikuamini, kwa hivyo nikajaribu.

Nilizungushia shina waya, nikalipinda pole pole. Yakabaki matawi. Mkasi mkali nyumbani ulikuwa mmoja tu, wa baba.

Mafundi mnajua: mkasi wa nguo haukati kitu kingine. Hata karatasi.

Sikuwa nimekata mara mbili, mlango wa chumba ukafunguka.

“Nani huyo anatafuna kuni kwa mkasi wangu?”

Mama akaacha kuchagua mchele. Baba alikuja akipapasa ukuta hadi barazani, akaninyang'anya mkasi. Kisha akauliza nakata nini.

Nikamshikisha mti.

Vidole vyake vilipanda na shina, vikafuata pale nilipolipinda, vikasimama kwa tawi moja lililochomoza.

“Hilo linatoka,” nikasema. “Gazeti linasema tawi likimwelekea mtu usoni likatwe. Linaharibu mbele ya mti.”

“Mbele? Kwani mti unaenda wapi?”

Mama akacheka. Mimi nikaanza kubisha, kama kawaida yangu.

“Wewe kata hayo mengine,” baba akasema. “Hili liache. Limenipa mkono.”

Nikaliacha. Tulimalizia kwa wembe, yeye akinishikia matawi.

Asubuhi ya kurudi Kampala nilitoka na sanduku, nikamkuta baba tayari barazani, ameshika lile tawi. Mkasi ulikuwa mfukoni mwake.

“Nenda salama,” akasema. “Mimi niko na mwenzangu.”

Nilichojifunza: kabla ya kukata, uliza mti ni wa nani.

Haya, wenye bonsai humu. Hilo tawi nyinyi mngelikata? Njooni tubishane, hiyo sijaacha.