Kibaba cha Mwalimu Sifuri

Wanafunzi walimbandika jina la Mwalimu Sifuri, na si kwa sababu ya alama alizowapa, ingawa hapo napo hakuwa mkarimu. Kila alipofundisha intigrali, ile hesabu ya kujumlisha vipande vidogovidogo, mfano wake ulikuwa uleule: mtu anatoka nyumbani jioni, anaongeza mwendo, anapunguza, anasimama, kisha anageuka na kurudi. Aliuchora mwendo huo ubaoni, kilima juu ya mstari wakati wa kwenda, bonde chini yake wakati wa kurudi.

"Jumlisheni vipande vyote," alisema. "Vya kwenda chanya, vya kurudi hasi. Amesogea kiasi gani?"

"Sifuri!" darasa zima liliitikia.

"Na viatu vimelika?"

"Sana!"

Mtu huyo, tusifichane, alikuwa mwalimu mwenyewe. Kila jioni alivaa shati lililonyooshwa vizuri, akashika njia mpaka kona ya duka la dawa, karibu kabisa na mlango wa fundi cherehani, mjane aliyewahi kumshonea mfuko wa koti akaondoka na moyo wake. Hapo aligeuka, akarudi nyumbani. Mtu wa kujaza ubao mzima bila kumeza mate, kumbe "hodi" tu inamshinda!

"Kaka," dada yake alimwambia, "penzi ni kikohozi, haliwezi kufichika. Lakini wewe unakwenda kukoholea njiani, mwenzio yuko ndani."

"Nakusanya ujasiri, dada. Haba na haba hujaza kibaba."

"Kibaba chako kimetoboka. Unachokusanya ukienda, unakimwaga chote ukirudi. Haya, fundi anahama Jumamosi, anamfuata mwanawe. Endelea kukusanya."

Ijumaa alichora tena kilima na bonde. Msichana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Huyu mtu nani kamkataza kufika?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akageukia ubao. Aliutazama mchoro, akauona mwaka wake mzima pale, umepanda na kushuka bila kumfikisha popote. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona uchungu.

"Hakuna aliyemkataza," alisema mwishowe. "Anageuka mwenyewe."

Jioni ile miguu ilitaka kugeuka palepale konani. Akaiburuta hivyohivyo, akabisha hodi kwa sauti ya mtu anayedaiwa.

Fundi alifungua, utepe wa kupimia shingoni, maboksi yamejaa sebuleni.

"Karibu, mwalimu. Leo umefika."

"Kumbe ulikuwa unaniona?"

"Dirisha langu linatazama kona. Kila jioni nilikuwa naweka vikombe viwili mezani. Ukigeuka, narudisha kimoja kabatini."

Mwalimu alitazama huku na huku. Meza ilikuwa tupu.

"Viko wapi?"

"Kwenye boksi lile, chini kabisa," fundi alisema, akimpa mkasi. "Kata kamba."