Logo ya mbwa iliyonifanya nimlilie mtoto nisiyemjua

Wakuu, salamu kutoka hapa Busia mpakani. Huu uzi nimeukalia karibu mwaka mzima. Naueleza ulivyokuwa, hata pale panaponiaibisha.

Mimi ni designer. Natengeneza logo, mabango na website. Ofisi yangu ni chumba kimoja juu ya duka la vipuri, upande wa Kenya.

Siku moja akavuka mama kutoka Kwapa, kule Tororo, upande wa Uganda. Mama Amoit. Ametibu ng'ombe za watu miaka mingi, sasa anataka kufungua sehemu ya mbwa na paka: kuwachanja, kuwaogesha, kuwatunza wakati wenyewe wamesafiri.

Nilichangamka sana. Huku kwetu mbwa ni wa kulinda boma tu, nani anamuogesha? Nikajua hii kazi itanipa jina.

Akanitumia picha WhatsApp. Msichana wa miaka kama saba, gauni la njano, amekumbatia mbwa mdogo mweupe.

"Hii ndiyo nataka ikae mbele," akasema. "Na jina iwe Amoit."

Sikuuliza ni nani. Wenzangu wa design mnajua, client huleta picha yoyote aliyoipenda.

Mtoto alikuwa amefumba jicho moja, na mwanga upande wake ulikuwa mbaya. Nikamkata. Nikabaki na mbwa, nikamchora anatabasamu, rangi ya machungwa, chini nikaandika "Rafiki wa nyumbani".

Nikajiona niko juu kweli.

Nilienda Kwapa mwenyewe na laptop, nimwonyeshe yeye na mume wake. Tukakaa uani na chai na mihogo. Nikafungua website. Yule mbwa akajaa skrini nzima.

Mzee akaangalia mara moja tu. Akasimama, akaenda nyuma ya nyumba. Hakurudi.

Mama akaniuliza polepole, "Wewe umetoa mtoto, umebakisha mbwa?"

Nikaanza kumweleza mambo ya composition, jinsi picha inavyopangwa. Mungu anisamehe, nilieleza dakika mbili nzima.

Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Huyo mbwa ndiyo iliuma yeye."

Amoit alikuwa binti yao wa mwisho. Mbwa alimng'ata kidole wakicheza. Kidonda kidogo, wakakifunga kitambaa. Siku chache baadaye mbwa akafa, wakadhani amekula sumu ya panya.

Wiki zikapita. Mtoto akaanza kuogopa maji. Walipofika hospitali, daktari akawaambia ni kichaa cha mbwa, na kikishafika hapo hakuna la kufanya.

"Mimi nachanja ng'ombe ya kila mtu hapa," Mama akasema. "Mbwa yangu, nikasema nitachanja kesho."

Nilifunga laptop, nikalia kwenye boda njia nzima.

Nilirudia kazi yote. Mtoto nikamrudisha. Nilitaka kumtoa mbwa, Mama akakataa. "Alipenda huyo mbwa sana. Wacha wakae."

Maneno ya ukurasa wa kwanza aliyasema yeye, mimi nikaandika tu: "Huyu ni Amoit wetu. Kichaa cha mbwa kilimuua. Leta mbwa wako tuchanje."

Mzee aliomba kitu kimoja: bango la barabarani lisiwe na picha, kwa sababu analipita kila siku.

Siku ya kufungua, watu walileta mbwa kwa kamba za katani, wengine kwenye magunia. Mama alichanja hadi jua likashuka, hakukaa chini hata mara moja. Mzee hakutoka ndani.

Nilichojifunza: kabla hujagusa picha ya mtu, muulize aliye ndani ni nani. Na mbwa akikung'ata, hata mkwaruzo tu, osha kwa sabuni na maji mengi robo saa, halafu hospitali siku hiyohiyo.

Mliopitia haya, andikeni hapa chini, nitasoma yote. Ila wewe ambaye mbwa wako hajachanjwa, comment yako inaweza kusubiri. Mpeleke kwanza.