Pamba ya Irine Isiyoliwa na Funza

Usiniambie Irine ni mvivu. Nimekuwa jirani yake huku Homa Bay tangu aolewe, na mama huyo akishika jembe, jua lenyewe linachoka kabla yake. Kilichomshinda ni funza wa pamba. Kila msimu wanatoboa vitumba, yeye anabaki na vijiti. Mumewe Fanuel alifukiwa na shimo la dhahabu kule Osiri, na sasa binti yao Liz alikuwa anasema, "Mama, hapa tunalala njaa. Wacha niende Osiri nikaoshe mawe." Irine aliapa kwamba Osiri haitamchukua mtoto pia.

Ndipo ikaja mbegu mpya, ile iliyobadilishwa maabara, funza akiiuma tu anakufa. Haikutosha watu. Irine aliamkia foleni, akapata pakiti moja. Alifurahi, wee! "Liz, nipe msimu mmoja tu. Pamba hii itatulisha."

Mvua ikaanza. Shamba liko tayari, mbegu iko ndani ya nyumba, na Irine amekaa. Sisi Wajaluo, mke wa kwanza, yaani mikayi, ndiye anayefungua msimu. Mpaka atie punje zake udongoni, mke mdogo hagusi mbegu. Akigusa, chira inaingia bomani na watoto wanakonda mpaka wanaisha. Na mikayi wao, Zilpah, mke mkubwa wa Fanuel, alikuwa kwa bintiye Isebania, mguu umevimba, hawezi kusimama.

Nilimwambia Irine, "Panda bwana, hiyo chira nitaibeba mimi!" Akakataa. Akafunga safari mpaka Isebania kuomba ruhusa. Zilpah alilia.

"Nyieka, mke mwenzangu, ukinitangulia shambani umenizika nikiwa hai. Ningoje, nitakuja."

"Nitakungoja, Mikayi."

Angesema nini? Fanuel alipokufa, ni Zilpah aliyegawa chakula chake na watoto wa Irine. Basi akarudi, akangoja. Kila iliponyesha nilikuwa nasikia hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Zilpah aliletwa mvua ikikatika. Akashikwa mikono huku na huku, akatia mahindi yake udongoni, na kesho yake Irine akapanda. Pamba ilifika magotini, jua likaikausha. Funza? Walikuja, wakauma, wakafa, vile tulivyoahidiwa. Lakini mti mzima una kitumba kimoja, viwili, na pamba haipikwi. Liz aliondoka asubuhi mamake akiwa mtoni. Hakuaga.

Wiki hiyo hiyo bwana wa kilimo akaja. Akapasua kitumba, akachungulia, uso ukamng'aa.

"Hakuna funza hata mmoja! Mbegu imefaulu. Muite yule msichana wako aishike nipige picha."

"Liz ameenda Osiri," Irine akasema.

"Aa, basi shika wewe, mama." Akampa tawi, akarudi nyuma na simu yake. "Sasa cheka kidogo."