Pilipili Saba Zisizonuka

Jumamosi, saa nne na robo asubuhi, Bibi alitupa pilipili saba kavu kwenye jiko la makaa, na sote tukangoja kukohoa. Hakuna aliyekohoa. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa naikodolea macho ile ya plastiki ya ukutani, nisije nikatazamana na mtu. Nilikuwa na miaka tisa. Kwetu Mtopanga, mtoto akidhaniwa kapigwa jicho huzungushiwa pilipili na chumvi ya mawe kichwani mara saba, kisha zikatiwa motoni. Moshi ukiwasha koo, basi mtoto ana maradhi tu, apewe dawa. Moshi usipowasha, kuna mtu aliyemtazama kwa husuda, na huyo ndiye pekee atakayekohoa. Mtoto mwenyewe alikuwa Rahma, binti wa mama mkubwa, umri wangu, ameketi kwenye kigoda uani, shingoni kafungwa kitambaa kilicholowa mafuta ya karafuu. Sauti ilikuwa imemkauka kabisa. Maulidi yalikuwa yamebakisha siku tatu.

Rahma alikuja kukaa nasi kutoka Likoni mwanzo wa Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, mama yake alipojifungua. Wiki haikwisha, mwalimu wa madrasa akamsikia akijiimbia huku anatawadha, akampa nafasi ya kuongoza kaswida. Nafasi ile nilikuwa naitaka mimi. Sikuwa nimemwambia mtu, maana ningejibiwa: wewe ambaye hata shikamoo yako haisikiki? Na kweli haikusikika. Wageni walikuwa wakimwambia Bibi, "Mjukuu wako hana adabu," naye akinitetea, "Ana adabu, sauti ndiyo hana." Kila alasiri Bibi alimkalisha Rahma mbele yake, akamsikiliza kaswida mwanzo hadi mwisho, akifumba macho na kutikisa kichwa polepole. Mimi nilikuwa kando nachambua mchele. Wivu niliujua kwanza kama kitu cha mwilini, kabla sijajua jina lake. Ulikuwa kama kokwa la tende lililokwama kooni, halipandi wala halishuki, na kila Bibi alipofumba macho lilizidi ukubwa.

Nyumba yetu ni ya Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, na chumba cha mbele tulikuwa tumempangisha Mama Kyalo. Alitoka Ukambani, akishona nguo kiwandani, na kwenye friji yake ndogo aliuza barafu za ubuyu. Jumapili akitoka kanisani alinisuka nywele zangu fupi ambazo Bibi alisema hazishikiki. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa akiitikia shikamoo yangu. Nikipita nimeinamisha kichwa, midomo ikitikisika tu, alisema, "Marahaba, mwanangu," kama aliyeisikia vizuri. Marahaba alijifunza kwetu. Mashallah, ambayo kwetu humkinga anayesifiwa na jicho, hakuwahi kuizoea.

Bibi alikuwa ametoa amri kwamba Rahma asiguse kitu baridi mpaka Maulidi yapite. Mimi niliisikia amri hiyo kwa masikio yangu. Kesho yake nilikwenda kwa Mama Kyalo nikanunua barafu mbili.

"Leo mbili? Kwani una matumbo mangapi wewe?"

"Ya pili ya Rahma."

Tulizifyonza nyuma ya choo, Rahma akicheka kwamba mimi ndiye ndugu yake wa kweli. Siku ya pili tena. Siku ya tatu tena, siku ya nne tena. Mtu akiniuliza leo kama nilikusudia, sina jibu la kunipendeza. Sikujiambia "nitamharibu sauti". Nilijiambia nampa mwenzangu kitu kitamu. Lakini kila alipoifyonza nilikuwa namtazama shingo.

Basi turudi kwenye jiko. Bibi alikuwa ameliweka kwenye mlango wa uani, nasi tumekaa upande unakotoka upepo. Ule upepo ulichukua moshi wote ukaupeleka ndani ya ukumbi. Bibi akazikoroga pilipili kwa kijiti, akainama, akanusa. "Hazinuki," akasema. "Wallahi hazinuki kabisa." Ndipo tukasikia mtu anakohoa ndani. Alikohoa kikohozi cha kupasua kifua, akapiga chafya, akakohoa tena. Mama Kyalo akatokea ukumbini, leso kifuani, machozi yanamtiririka, anacheka.

"Jamani, kwani mnachoma nini? Mnataka kutumaliza?"

Hakuna aliyecheka naye. Bibi akaweka kijiti chini. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, si kwa hasira, kwa utaratibu kabisa. "Mama Kyalo, juzi ulimsifu mtoto huyu. Ulisemaje?"

"Nilisema ana sauti tamu kushinda redio. Kwani ni uongo?"

"Ukasema mashallah?"

"Aii, Mama, si nilisahau. Mimi hizo zenu bado nafunzwa."

"Ulimi haukusahau. Moyo ndio uliokataa."

Mama Kyalo akaacha kucheka. Akamtazama Rahma na kitambaa chake cha shingoni. Kisha akanitazama mimi, akakaa akinitazama. Alizijua barafu zile, moja moja. Rahma naye akainamisha kichwa, na hata angekuwa na sauti nadhani angenyamaza, kwa kuwa alizila yeye na fimbo ingemhusu. Bibi akanigeukia. "Mwanaisha!"

"Abee, Bibi."

"Nawe washinda naye. Wajua neno lolote?"

"La."

"La" hiyo ilisikika. Ilisikika uani, ukumbini, pengine hata barabarani. Ndilo neno la kwanza nililowahi kulisema nyumbani pasi na kuambiwa nirudie. Mama Kyalo angeweza kufungua kinywa, akataja barafu nane, nami nikaanguka hapo hapo. Hakutaja. Aligeuka akaingia chumbani mwake akafunga mlango, nasi tukaendelea kumsikia akikohoa.

Tangu hapo watoto wa mtaa walikatazwa kununua kwake. Akianika nguo, Bibi aliziondoa zetu kambani. Mwezi haukwisha akahamia Magogoni, friji juu ya mkokoteni, imefungwa kwa ile leso. Maulidi aliongoza binti mwingine. Mimi nilisimama safu ya tatu, nafungua na kufumba mdomo. Sauti ya Rahma ilirudi siku ya sita.

Sasa niko kidato cha tatu. Mwalimu wetu wa ushauri alitufundisha muhula huu kwamba hisia hazikuja bure, kila moja ina kazi. Woga hukuondoa mbele ya nyoka. Hasira hulinda kilicho chako. Wivu hukuonyesha unachokitamani. Aibu, akasema, hutubakisha miongoni mwa watu. Wenzangu waliandika haraka haraka. Mimi nilibaki na kalamu mkononi. Wivu wangu nauelewa, hata nimeanza kuuonea huruma, maana kilichonitafuna hakikuwa kaswida. Nilitaka Bibi afumbe macho mara moja kwa ajili yangu. Aibu ndiyo siisamehe. Ilifanya kazi yake sawasawa kama mwalimu alivyosema, ilinibakisha miongoni mwa watu, ila haikuuliza ni nani atakayetolewa ili mimi nibaki. Bibi yu hai, anaona vibaya sasa, mimi ndiye namsomea majina ya dawa zake. Juzijuzi alimkumbuka "yule mpangaji mwenye jicho zito". Nina miaka kumi na saba, nimefundishwa majina ya hisia zote, na nilichomjibu ni, "Ndiyo, Bibi." Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema. Changu nakijua, na mshindo wake uliangukia nyumba ya mtu mwingine.

Kuna jambo moja ambalo sijaliandika hata kwenye daftari langu. Jumapili, asubuhi iliyofuata zile pilipili, nilitumwa dukani mkate. Mama Kyalo alikuwa mlangoni pake amevaa nguo za kanisani, kitana mkononi kama kila Jumapili, na kiti cha kunisukia hakukitoa. Nilipita mbele yake. Safari hii midomo yangu sikuitikisa hata kidogo. Niliibana, nikatazama ukuta, nikaenda zangu.

"Marahaba, mwanangu," akasema nyuma yangu.